Mwandishi Aliyekataa Raha Mustarehe

Majina ya watu wa Matrah wa siku zile nnayakumbuka yote, ya watoto wao pia, na ya mbuzi wale waliokuwa na majina. La mwandishi wetu nnalijua vilevile. Hapa silitaji, kwa sababu nililitaja vya kutosha nilipokuwa nnamsengenya. Sote tulimwita Mwandishi, naye akiitika. Kwao wapi na nani kamzaa, hayo si yangu kuyasema. Mimi ntasema nilivyomjua, tangu mwaka wa sitini na nne tulipoyakimbia mapinduzi ya Unguja tukaingia Maskati, Matrah bandarini, hadi mwaka wa sabiini, na wivu wangu ntausema pamoja naye, maana nilimtazama kwa jicho hilo na sikuwa na jengine.

Akiandika juu ya sinia. Aliipindua juu ya magoti, akaweka karatasi, akafungua kichupa cha wino alichokuwa akikifunga kwenye pindo la kanga kama mwengine anavyofunga ufunguo wa sanduku. Wino hakumpa mtu. Angekupa chakula chake, angekupa mto wa kulalia, lakini ukimwambia nipe tone la wino mwanangu achoree, atakutazama kama umemuomba figo.

Wanawake tuliokuja kutoka Unguja wengi wetu hatukujua kuandika. Mimi nilisoma juzuu mbili nikaozwa. Na kila mmoja aliacha mtu nyuma. Zamzam, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliacha mama. Bi Shariffa wa nyumba ya pembeni alikuwa na dada yake Mombasa. Mimi nilimwacha mwanangu.

Rahma alikuwa na miaka sita. Tulipoondoka, mwili wake mzima ulikuwa surua, na waliokuwa wakitupakia walikataa kumchukua mtoto wa surua katikati ya watu. Mama yangu akasema, "Nenda na mumeo, mtoto akipona atakuja." Alipona baada ya siku kumi. Kuja ikawa miaka. Nassor, mume wangu, alipata kazi ya kupima magunia ya tende forodhani, na kila mwaka akiniambia mwakani. Kwa hivyo barua kwangu ndiyo mtoto mwenyewe. Zilikwenda kwa mikono ya wasafiri hadi Mombasa, na kutoka huko zikatafutiwa mtu wa Unguja. Nyengine zilifika kwa miezi miwili, nyengine mpaka leo ziko njiani.

Sasa, barua za watu wa kwetu zina mwendo wake. Unaanza kwa jina la Mungu, unasalimia mmoja mmoja, halafu unasema: sisi huku wazima wa afya, tuna raha mustarehe, hatupungukiwi na kitu, hofu na mashaka ni juu yenu. Hapo umefungua mlango, ndipo unaingia na maneno yako. Ukiyaacha hayo watu watadhani umekufa.

Mwandishi salamu aliziandika zote, wala hakuchoka na majina. Akifika kwenye raha mustarehe, kalamu inapanda juu.

Siku ya kwanza nilipokwenda kwake, uani kwake wamekaa wanawake sita wakisubiri zamu, aliniuliza, "Raha gani?"

"We andika tu, bibi. Ndivyo inavyoandikwa."

"Nnajua ndivyo inavyoandikwa. Nnakuuliza ipi, nipate kuieleza."

"Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi nishaiandika pale juu, hiyo ni ya Mungu na Yeye anaistahiki. Mimi nnakuuliza khabari za watu. Jana umelala wapi?"

"Darini, juu ya paa."

"Kwa nini?"

"Joto la Maskati hulijui?"

"Maji umepata?"

"Punda wa maji hakuja."

"Na mumeo kakwambia nini?"

"Kasema nisubiri."

"Basi hiyo raha iko wapi, shoga yangu, tukaichukue sote?"

Wanawake wakacheka, Zamzam akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi uso ulinipata moto. Lakini aliandika: jana nimelala darini kwa joto, maji hayakuja, baba yako kasema nisubiri. Niliona aibu kama nimetolewa nje kichwa wazi. Barua gani hiyo ya kumpelekea mtu?

Alikuwa na fikra zake, na hizo fikra hakuzipata kwetu. Akisema mtu akizowea kiatu kinachombana, siku akikivua ataona mguu ndio wenye makosa. Akisema raha si pambo la barua, ni kipimo: ukitaka kujua nyumba, au mji, au serikali ikoje, usiwaulize wenye funguo, muulize wa mwisho kula alicheka lini. Siku zile mambo mengi yalikuwa hayaruhusiwi. Kusafiri mpaka idhini, skuli za kuhesabika kwa vidole, ya wanawake hakuna, milango ya mji ikifungwa usiku na atembeaye sharti awe na taa. Watu wakisema, tumeshazowea, tuna amani. Yeye akijibu, "Amani nnaiona. Nimeuliza jengine."

Mzee Khalfan, aliyekuwa akiuza ndimu kavu chini ya nyumba yetu, siku moja alimwambia mbele yetu, "Nyinyi wanawake wa Unguja mnahangaika kwa kuwa mmeona taa za umeme. Wetu hawajaziona, wamelala raha."

Mwandishi akamjibu kwa adabu kabisa, "Kweli, baba. Asiyewahi kuonja chumvi hailaumu supu. Lakini supu haina chumvi vilevile."

Mzee Khalfan alicheka, akampa ndimu bure. Mimi kwa Mzee Khalfan nilinunua ndimu miaka sita, bure hakunipa hata iliyooza.

Bi Shariffa yeye alikuwa akisema ana raha sana kwa sababu mumewe anamruhusu kwenda kwa wifi yake kila Alkhamisi. Alitaka dada yake wa Mombasa ajue. "Andika nna raha."

"Ya Alkhamisi?"

"Ya Alkhamisi."

Mwandishi akaandika: siku ya Alkhamisi nna raha. Akaweka nukta. Dada mtu akajibu barua nzima ya wasiwasi, akiuliza Ijumaa kumetokea nini. Tulicheka wiki nzima. Bi Shariffa mwenyewe alicheka mwanzo, halafu akamwambia mumewe anataka na Jumatatu. Akapewa. Kumbe ilikuwepo siku zote, hakuna aliyeiuliza.

Msidhani lakini kuwa alipenda manung'uniko. Zamzam alikuja siku moja akaanza kulalamika tangu asubuhi, mguu, mume, nzi, samaki wa Maskati, mpaka Mwandishi akaweka kalamu chini. "Hayo nimeyaandika. Sasa nambie ulipocheka."

"Sijacheka."

"Tangu lini?"

Zamzam alitaka kujibu upesi, kama kawaida yake. Akafikiri. Akatazama mkeka. Akaanza kulia, kwa sababu hakukumbuka. Mwandishi akamngojea, halafu akamwambia taratibu, "Hilo ndilo la kumwandikia mama yako. Hayo ya nzi yanatosha mstari mmoja. Asiyejua raha yake ni ipi, hata hajui alichonyimwa."

Nyumbani nilimwambia Nassor, "Yule mwanamke anawafundisha watu kujitafutia huzuni." Nassor akasema, "Mbona yeye ana furaha kuliko wewe?" Sikumpikia kahawa siku mbili.

Na hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa na kanga mbili na buibui moja lililopauka. Amekaa chumba cha uani kwa watu, mlango hauna komeo. Akila mkate na kitunguu, akila kama yuko harusini, anafumba macho. Upepo ukigeuka ukatoka baharini atatoka uani, atanyanyua mikono kwapa zipoe, atasema, "Aah, huu wa bure huu." Mtu anayewaambia wenziwe wasiridhike na kidogo, yeye kidogo kinamtosha! Nilimwuliza mbele za watu, kwa kumkomoa, "Sasa wewe huoni unajipinga?"

Akasema, "Nnajipinga. Kuipenda ndimu si kumsamehe aliyekunyima nyama."

Nami nilikuwa na chumba na ukumbi, mume ana kazi, bangili nne. Nikirudi nyumbani nikitafuta mahali pangu pa kufumba macho hivyo nikala, sipaoni. Nilikuwa nikimwonea wivu mtu mwenye kitunguu.

Lakini wivu mkubwa ulikuja na majibu. Rahma aliingia skuli Unguja, akajifunza kuandika. Barua zikawa zinakuja kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa zimelala lala. Nikizipokea nikizinusa, na kuzisoma siwezi, wala Nassor hajui ila tarakimu za magunia. Lazima nizipeleke kwa yule yule. Basi mwanangu akaniita mama kwa mdomo wa mwanamke mwengine. Na mtoto alikuwa na mzaha. Mwandishi macho yake yakitangulia kwenye mstari, anacheka, halafu ndipo ananisomea. Kila kichekesho cha Rahma, yeye kakicheka mwanzo, mimi nimepewa kikiwa kimepoa.

Halafu Rahma akaanza kuandika: mama, maneno yako matamu, bibi ananiambia nimsomee mara tatu. Mama, nisalimie na anayekuandikia.

Maneno matamu? Mimi? Mama yangu mwenyewe alisema nina mdomo wa ndimu. Nikajua kazi ya nani. Nikasema huyu ananitilia yake, anambembeleza mwanangu kwa jina langu, siku mtoto akija atamtafuta mwenye maneno. Nikamnong'oneza Zamzam hivyo hivyo, tumekaa nyuma, Mwandishi ameinamia sinia anaandika. Nilimnong'oneza mengi siku zile.

Mwaka wa sitini na saba, Seif, ndugu yake Zamzam, alikuwa anakwenda Mombasa na Unguja na kurudi, akakubali kumchukua Rahma. Idhini yake Nassor aliihangaikia miezi. Ilibaki barua ya kumwambia mtoto ajitayarishe. Nikasema barua hii haiandiki yule mwanamke. Nikaenda kwa Mwalimu Hamdan, mzee aliyekuwa akifundisha watoto Kurani karibu na soko la samaki, mwenye khati safi na anayejua heshima za barua. Aliandika kama inavyopasa. Bismillahi, salamu, sisi huku wazima wa afya, tuna raha mustarehe, hatupungukiwi na kitu, hofu na mashaka ni juu yenu. Anayeleta barua hii ni Seif, ukipenda kufuatana naye, njia iko wazi. Aliponisomea nilijisikia mtu tena. Barua imevaa nguo.

Seif alirudi peke yake. Akanipa karatasi. Mwalimu Hamdan khati za skuli, za Kizungu, hazijui, anajua za Kiarabu tu, zile Rahma alizozisoma chuoni. Nikaenda kwa Mwandishi.

Safari hiyo hakucheka. Alisoma yote kimya kwanza, kisha akanisomea bila ya kunyanyua macho:

"Mama, nimefurahi kusikia mna raha mustarehe na hampungukiwi na kitu. Bibi yeye anapungukiwa na macho, haoni tena vizuri, kwa hivyo nitakaa na bibi. Tafadhali usitume tena watu wa kunichukua."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia amekosea kusoma. Akanipa karatasi nishike mwenyewe, nikaishika, herufi zile zimelala lala.

"Nani kakwandikia?" akaniuliza.

"Mwalimu Hamdan."

"Na mstari ule ukautia?"

"Kautia. Ndiyo adabu ya barua."

"Adabu," akasema. "Umemwambia mtoto wa miaka tisa kuwa hupungukiwi na kitu. Yeye ndiye kitu chenyewe. Alitaka kujua kama mahali pake pako tupu, umemjibu pamejaa."

Nilimchukia saa ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, kwa sababu alikuwa na haki. Nilikaa pale. Wanawake wengine walikuwepo, aliwaambia wende warudi kesho. Akapindua sinia.

"Unapungukiwa na nini?"

"Na mwanangu."

"Hilo kila mtu analisema. Kwa wapi? Kwa mkono? Kwa sikio?"

Nikafikiri. Nikamwambia nnapungukiwa na kichwa cha kusuka. Kila Ijumaa mikono yangu inakaa bure. Nilimsuka Zamzam, chake kina mvi, hakienei mkononi, si kile. Nnapungukiwa na mtu wa kumkemea. Nnapika wali nikisahau, nnautoa ukoko pembeni, kwa kuwa yeye ndiye mla ukoko, halafu ukoko unakaa mpaka unakuwa kama kigae, nautupa, siku ya pili nnautoa tena. Hayo nilikuwa simwambii hata Nassor. Aliandika yote, akiniuliza, "Ukubwa gani huo ukoko?" na mimi nikimwonesha kwa kiganja.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne. "Mama, nitakuja. Si sasa, kwa ajili ya bibi. Ukoko uendelee kuuweka."

Nilipolisikia nililia, na Mwandishi akalia, na hapo hapo nikaona: analilia barua yangu. Alikuwa na fikra zake na ndimu zake za bure na upepo wake, na bado anakula na kwangu.

Jambo moja nililitambua miaka ya mwisho. Sikuwahi kumwona akiandika barua yake mwenyewe. Wala wasafiri hawakuwahi kumletea. Zamzam alimwuliza, akajibu, "Waliokuwa wakizisoma hawapo," akageuza mazungumzo kwenye samaki. Sisi tukayapokea hayo ya samaki.

Mama yangu alifariki, Mungu amrehemu. Na mwaka wa sabiini akaingia Sultani mpya, mambo yakageuka, watu wa kwetu wakaanza kuingia kwa wingi, na miezi ya mwisho ya mwaka ule Rahma akaja na Seif. Miaka kumi na miwili. Nilimwacha anafika kiunoni mwangu, sasa tumekutana macho kwa macho. Alikuwa na mfuko wa nguo na kopo la biskuti la bati. Kopo limejaa barua zangu.

Siku mbili tulikuwa kama wageni. Ananiita mama kwa heshima, ananisaidia vyombo, ananitazama nikiwa sioni. Nikajua anatafuta yule wa kwenye barua. Siku ya tatu, baada ya Alasiri, Mwandishi alikuja kumwangalia, amevaa buibui lake lile. Rahma alimbusu mkono akakaa karibu naye, na mimi damu ikanipanda. Nikasema leo nitalimaliza. Nikasema, "Lete kopo lako, mwanangu. Utusomee mbele ya mwenyewe, tusikie alivyonitilia chumvi. Ujue ya mama yako yapi na ya mtu yapi."

Rahma akatoa moja, akasoma:

"Mwanangu Rahma. Jino la upande wa kulia linaniuma. Jana nimepika mchuzi wa papa nimetia ndimu mbili umekuwa mkali, baba yako kala kimya kwa kuniogopa. Nilipokuwa nnachagua mchele nimekuta jiwe jeupe mfano wa jino lako lile la kwanza kung'oka. Sikulitupa. Nimelitia kwenye sanduku."

"Nyengine," nikasema.

Akasoma nyengine, na nyengine. Punda, darini, ukoko. Nilitega sikio kama mwenye kutafuta mwiba kwenye samaki. Sikupata neno ambalo si langu. Hata kikohozi changu kiliandikwa. Halafu akatoa moja, akasita, akamtazama Mwandishi, akasoma kwa sauti ndogo:

"Na huyu anayeniandikia ananikera. Anacheka vichekesho vyako kabla yangu. Nnaogopa utampenda yeye."

Niliyanong'ona hayo kwa Zamzam, nyuma ya watu, miaka mitatu minne iliyopita. Nikamgeukia. "Uliyasikia?"

"Ulikuwa unaandikisha barua," akasema. "Hukunambia yapi nisiandike."

Rahma akasema, "Mama, ile ndiyo nnayoipenda kuliko zote." Akaja akanilalia begani, mzima mzima, na urefu wake wote. Yule wa kwenye barua alikuwa mimi. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Tulikunywa kahawa. Mwandishi akasema sasa watoto wanaingia skuli, hata wa kike, watatuandikia wao, yeye atahamia mji wa Qurayyat kwa jamaa waliomwalika. Akakaa kidogo akizungusha kikombe. Kisha akasema, na katika miaka sita hilo ndilo pekee aliloniomba, "Nipe moja. Yoyote. Niende nayo."

Zilikuwa kopo zima. Nilizitazama, khati ya mkono wake juu ya kila karatasi.

Nikamwambia, "Zote nna haja nazo."

Rahma akasema, "Mama." Mwandishi akamshika goti anyamaze. "Hewaa," akasema, "mwache, kasema kweli." Akavaa viatu, akatubusu, akashuka.

Siku hizi najua kusoma. Nilikwenda madarasa ya wanawake na mvi zangu, na haya nayaandika kwa mkono wangu, hapa Amerat nje ya Maskati, nyumbani kwa Rahma, kwenye daftari la mjukuu. Mwandishi sikumwona tena. Nilisimama dirishani siku ile nikamwangalia anavyoteremka ngazi, anapita mbele ya Mzee Khalfan, mikono mitupu, na moyo wangu ukafurahi. Nnaliandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.